Skrubu Sita Nyuma ya Tufe

Jumatatu, 3 Oktoba

Leo nimeangusha skrubu. Imeniponyoka, ikagonga sakafu ya tangi mara mbili, ikaingia nisikokuona. Kwa muda wa saa tano nzima nimetambaa na tochi mdomoni kuitafuta. Tangi letu ni pipa la aluminiamu lililolazwa, refu kama basi, ila mtu wa kimo changu hawezi kusimama wima humo ndani. Skrubu yenyewe ni ndogo kuliko punje ya hindi. Nimeikuta kwenye mdomo wa pampu, saa kumi kasoro, Daktari, mama mtafiti anayeongoza maabara yetu, akiwa ameshaahirisha kazi ya kesho.

Hakunifokea. Afadhali angenifokea. Alisema tu, "Tumepoteza siku mbili," akarudi ofisini kwake.

Daftari hili lilikuwa la vipimo vya pampu. Limeachwa, nimelichukua. Mrefu, mwenzangu wa chumbani, mlinzi wa geti zamu ya asubuhi, amesema amechoka kunisikiliza nikilalamika, niiambie karatasi.

Jumanne, 4 Oktoba

Mgongo.

Alhamisi, 6 Oktoba

Kazi yangu ni kuosha ndani ya tangi kwa spiriti, kufunga vifaa, kufungua vifaa, na kuosha tena. Glovu mbili mbili, kofia ya nywele, na kitambaa kisichoacha nyuzi. Alama ya kidole kimoja ukutani hutoa mvuke wiki nzima, na Daktari anataka humo ndani pawe na utupu, yaani pasibaki hewa hata ya kumtosha mbu. Mimi niliacha shule darasa la sita, lakini hilo nimelielewa: uchafu usioonekana ndio unaoudhi.

Katikati ya tangi linaning'inia tufe la ukubwa wa tikiti maji dogo. Lina vitundu vinavyotoa gesi taratibu, kama linatoka jasho. Mbele kuna mashine inayolipulizia upepo wa umeme. Nyuma kuna kihesabio kinachohesabu chembe zinazong'oka na kutoka. Mfuniko wa nyuma wa tufe unafungwa kwa skrubu sita za shaba, na hizo ndizo adui zangu.

Fundi ndiye mkubwa wangu. Miaka thelathini na moja yuko kwenye tangi hili, na magoti yake yamekwisha. Leo amenipa fomu za ukaguzi, tano, zote zimeshatiwa sahihi.

"Mzee, hii ya wiki ijayo umeshaisaini na tufe halijafungwa."

"Nimesaini za msimu mzima. Magoti yangu hayaingii tena kwenye pipa lile. Mkono wako nauamini."

"Hapa pameandikwa tufe likaguliwe kwa dira."

"Pameandikwa mengi hapo. Wewe osha, funga, toka. Mwisho wa Desemba mimi nastaafu, nikishaondoka utasaini mwenyewe mpaka uchoke."

Dira yenyewe imetundikwa kwenye msumari juu ya meza yake. Sijawahi kuiona ikishushwa. Nilimuuliza pia kwa nini ndani ya tangi tunatumia shaba tu. Akasema ndivyo ilivyo. Nimejijibu mwenyewe kwamba ni kwa sababu ya kutu.

Jumatano, 12 Oktoba

Mvua imeanza. Hapa mvua ni adui wa kazi. Siku kavu ukifungua tangi, pampu huvuta siku mbili, basi. Siku ya mvua unyevu huingia na kuganda kwenye kuta, na pampu huvuta siku tano au sita kabla Daktari hajaitikia kwa kichwa kwamba sawa. Ametuambia tufunge wiki hii, na tusifungue tena mpaka amalize vipimo vyake.

Ijumaa, 14 Oktoba

Nimefunga tufe bila kuangusha kitu. Naandika jinsi nilivyofanya, kwa sababu nimejisifu moyoni mchana kutwa.

Zamani nilimbebea mizigo fundi wa redio. Yeye alinifundisha kusugua ncha ya bisibisi kwenye sumaku ya spika, ili skrubu iing'ang'anie kama ndama kwenye titi. Bisibisi yangu hiyo ninayo mpaka leo. Tatizo ni kwamba shaba haishikwi na sumaku. Ndiyo maana zinaniponyoka, na glovu mbili mkononi ni kama kushona ukiwa umevaa soksi.

Basi leo nimetafuta kwenye kopo la karakana, nikapata sita za chuma kisichoshika kutu, kipimo kile kile, zinang'aa hata kuliko za shaba. Zimeshika kwenye ncha ya bisibisi, zikaingia moja baada ya nyingine, dakika kumi. Nimeziosha kwa spiriti mara mbili. Nikafunga mlango wa tangi, nikaweka fomu ya Fundi kwenye faili.

Jumamosi, 15 Oktoba

Pampu. Mvua.

Jumatano, 19 Oktoba

Utupu umefika. Daktari amewasha upepo wake. Sisi tumeosha sakafu.

Alhamisi, 20 Oktoba

Sijui nianzie wapi.

Saa nne asubuhi Daktari alitoka kwenye chumba cha vipimo akiwa hana viatu. Huwa anavua akiwa na wasiwasi. Fundi alikuwa ameenda kliniki, kwa hiyo akaniita mimi.

"Kaka, njoo uone." Akanionyesha namba kwenye skrini. "Tisini na moja. Nilitegemea mia nne na kitu."

"Ni vibaya?"

"Ni vizuri mno. Kaa."

Nikakaa kwenye kiti chake, na ovaroli yangu ya spiriti. Akanieleza, na nilipopotea alirudia, bila kunicheka.

Alisema dunia yetu ina sumaku kubwa tumboni, na sumaku hiyo huusukuma pembeni upepo unaotoka kwenye jua. Mirihi, sayari ambayo tufe letu linaiigiza, haina sumaku hiyo. Upepo wa jua unaikuta wazi. Sasa, punje ya hewa iliyoko juu kabisa, ikiwa nzima, upepo unapita kana kwamba hauioni. Lakini mwanga wa jua ukiigonga punje ile, unaing'oa elektroni moja, na punje inabaki na chaji. Hapo ndipo upepo unapoiona. Upepo wa jua una usumaku wake unaouburuta, na kila chenye chaji unakinasa, unakizungusha na kuondoka nacho. Elektroni nyepesi hutangulia, zikizivuta punje nzito zifuate. Nyingine hutupwa chini zikagonga wenzao na kuwarusha nje. Kilo chache tu kila sekunde, lakini sayari ina miaka mabilioni ya kuvuja.

"Kwa hiyo hewa ya kule imekwisha?" nikauliza.

"Imebaki kidogo sana. Watu wanasema nyingi imeondoka kwa njia hiyo. Mimi miaka sita nasema si nyingi kiasi hicho. Nasema upande wa nyuma, kivulini, sehemu kubwa hurudi. Wananicheka. Leo kihesabio kinasema zinarudi, kaka. Tisini na moja tu ndizo zilizotoka."

Nikamwambia hongera. Nilimaanisha.

Kisha akasema, huku anatafuta viatu vyake, "Ndiyo maana nawasumbua na shaba. Sumaku ndogo tu karibu na tufe, hata ya ukubwa wa sindano, ingezishika chembe zile zisitoke, nami ningedhani ni sayari yenyewe imezishika."

Bisibisi ilikuwa mfukoni mwangu. Nilihisi uzito wake kama vile ni nyundo.

Nilikwenda karakana, nikachukua skrubu iliyobaki kwenye kopo, nikaigusa na ncha ya bisibisi kama nilivyozigusa zile sita. Kisha nikashusha dira ya Fundi msumarini, nikaisogeza kwenye ile skrubu. Sindano iligeuka na kuikodolea macho.

Ijumaa, 21 Oktoba

Mvua. Sikusema.

Jumatatu, 24 Oktoba

Mvua. Vipimo vinaendelea. Themanini na nane, tisini na tatu. Daktari ametuletea biskuti. Sikusema.

Alhamisi, 27 Oktoba

Nimempigia mke wangu. Ameuliza kama nakula. Nimesema nakula. Amesema, "Baba Mapacha, sauti yako imekaa kama ya mtu aliyevunja sahani ya wenyewe." Nikacheka. Sikumwambia.

Jumatatu, 31 Oktoba

Leo nimemwambia Fundi. Tulikuwa wawili karakana, mvua inapiga bati mpaka ilibidi nirudie. Nilimweleza kuhusu kopo, bisibisi, skrubu sita, na dira. Yeye alikuwa anakoroga kahawa ya unga kwa kijiko kwenye kikombe, akaendelea kukoroga muda mrefu baada ya sukari kuyeyuka.

"Hukuniambia kitu," akasema.

"Nimekwambia sasa hivi, mzee."

"Mimi sijasikia. Mvua kubwa."

"Daktari anaandika kitu ambacho si kweli."

"Sahihi kwenye fomu ni ya nani?"

"Ya kwako."

"Basi ni ya mtu aliyebakiza wiki nane tu hapa. Miaka thelathini na moja, bwana. Sijawahi kuandikiwa barua ya onyo. Unataka waniage kwa barua?"

Akanywa kahawa yake, akakunja uso kama imeharibika.

"Hao wasomi," akasema, "kila mwaka wanapata hiki, mwaka unaofuata wanakikanusha. Ndiyo kazi yao. Mwakani atapima tena kwa shaba, atajirekebisha mwenyewe. Wewe kaza uso."

Nilikuwa namwona Fundi kama baba. Leo nimeona mzee anayeogopa, na sikumchukia. Nimemwonea huruma, na hiyo ni mbaya zaidi, kwa sababu imenifunga mdomo.

Alhamisi, 3 Novemba

Nimemweleza Mrefu, bila kumtaja Fundi. Alikuwa anapiga pasi sare yake.

"Kwa hiyo sayari imeshikwa na skrubu zako."

"Ndiyo."

"Na huko kwenyewe Mirihi hewa inaondoka kama kawaida?"

"Inaondoka."

"Basi umemdhuru nani? Watu wa Mirihi wamelalamika?"

Nilicheka mpaka mgongo ukauma. Kisha akaweka pasi chini, akasema, "Yule mama, Daktari wako, hunisalimia kila asubuhi kwa kusimamisha gari. Wengine wananipungia vidole kama wanafukuza nzi." Akarudi kwenye pasi yake.

Jumapili, 6 Novemba

Mvua. Nguo hazikauki.

Jumanne, 8 Novemba

Daktari ametuita mimi na Fundi ofisini kwake. Ukutani amechora tufe kubwa, na nyuma yake mistari iliyopinda ikirudi. Amesema kwa siku kumi alikuwa hajui kwa nini chembe zinarudia mahali pale pale tu, nyuma katikati, mahali penye mfuniko. Sasa ameshapata sababu. Akaieleza. Ilikuwa ndefu, ina hesabu, ina kivuli na joto na elektroni. Nilimtazama akieleza, macho yamemwingia ndani kwa kukosa usingizi. Nikaona amejenga nyumba nzima, na msingi wake ni skrubu zangu sita.

"Ijumaa ijayo naituma makala yangu kwenye jarida," akasema. "Nimeandika shukrani mwishoni. Nyie wawili mmo."

"Mungu akubariki, mama," Fundi akasema, akitazama sakafu.

Tulipotoka koridoni nilimshika mkono.

"Mzee, kesho nasema."

"Utakuwa umeniua."

"Nitasema za kwangu tu. Sahihi yako sitaitaja."

"Huyo ni mtu wa hesabu. Wewe ukimpa moja, yeye atajipatia mbili." Akauchomoa mkono wake, akaondoka akiburuta goti.

Jumatano, 9 Novemba

Nimesema.

Nilifika kabla ya wengine, nikamngoja mlangoni. Alipokuja mwavuli wake ulikuwa umepinduka, akawa anapambana nao, na mimi nikamsaidia kuukunja, kwa hiyo nilianza kusema huku nimeshika mwavuli wa mtu unaochuruzika miguuni mwangu. Nilisema vibaya. Nilianza na fundi redio, nikaenda kwenye glovu, nikarudi kwenye kopo. Alikuwa akiitikia kwa kichwa kwa heshima, hajui naelekea wapi. Kisha nikasema, "Za nyuma zote sita ni za chuma, Daktari. Na bisibisi yangu ina sumaku."

Akaacha kuitikia.

"Za nyuma."

"Za mfuniko."

"Kipimo gani?"

Nikamwambia. Akauliza ziliingia tarehe gani. Nikamwambia. Akauliza kama kuna nyingine ya namna ile, nikaitoa mfukoni. Aliichukua, akaiweka kiganjani, akaitazama vile watu wanavyotazama jino la mtoto. Nilisubiri kelele. Nilizitaka, kusema kweli. Nilikuwa nimejiandaa kwa kelele wiki tatu.

"Tangu lini umejua?"

Hilo ndilo swali nililoliogopa. "Tangu siku uliyonieleza habari za upepo wa jua."

"Siku ile ile?"

"Siku ile ile."

Akakaa kwenye ngazi, palepale penye maji, na sketi yake ya kazini.

"Kama ungeniambia siku ile," akasema pole pole, "ningehuzunika asubuhi moja. Hizi wiki tatu nimezipenda, kaka. Unanielewa? Nilikuwa nikiamka nafurahi."

Nikaukung'uta mwavuli wake, nikauegemeza ukutani.

Kisha akauliza, "Na dira?"

Nikautazama mwavuli. Aliniangalia, akaangalia dirisha la karakana, na nikajua ameshajipatia ya pili.

Alhamisi, 10 Novemba

Tumefungua tangi mvua ikinyesha. Daktari mwenyewe ameingia na dira, amelala kifudifudi kwenye aluminiamu. Nilimsikia akihesabu: ya kwanza, ya pili. Alipotoka alikuwa na jasho kwenye nyusi. Akaweka kitabu kikubwa cha maabara mezani.

"Andika," akaniambia. "Kwa maneno yako, na usipambe."

Nimeandika mistari minne. Mwandiko wangu mbaya. Niliandika nilichofanya, tarehe, na kwamba nilinyamaza siku ishirini. Fundi alikuwa amesimama mlangoni na koti lake mkononi. Tangu jana hajaitikia salamu yangu. Daktari alinyoosha mkono kufunga kitabu.

"Ngoja, mama," Fundi akasema.

Akaja, akavaa miwani, akasoma mistari yangu akifuata kwa kidole. Halafu akaandika chini yake, herufi nzuri za watu wa zamani: Sikukagua. Nilitia sahihi tu, na nimefanya hivyo kwa miaka miwili. Akaweka jina na tarehe. Akaifuta kalamu kwa leso kama anavyofuta vifaa, akairudisha.

Akavaa koti lake, akanipita.

Ijumaa, 11 Novemba

Tufe limefungwa kwa shaba. Nilishikilia kila skrubu kwa vidole vyenye glovu tu, bila sumaku, kwa muda wa karibu saa mbili. Daktari alikagua na dira. Pampu zimewashwa.

Jumatatu, 14 Novemba

Barua zimekuja. Mkataba wangu unaishia mwezi huu, hauongezwi. Fundi ameambiwa apumzike kuanzia kesho. Nilimkuta akitoa vitu vyake kwenye droo. Nikamwambia nisamehe, mzee.

"Ulisema kweli," akasema. "Kusamehe ni jambo jingine. Nipe muda." Akanipa bomba la mafuta ya magoti lililobaki nusu. "Magoti ya pipa lile yatakufikia na wewe."

Nimempigia mke wangu, nikamweleza yote, tangu skrubu ya kwanza. Alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema, "Rudi basi. Mapacha wamekua, hutawajua nani ni nani."

Jumatano, 16 Novemba

Pampu. Mvua ndogo.

Alhamisi, 17 Novemba

Utupu umefika asubuhi. Kazi ya kusoma skrini ilikuwa ya Fundi, yeye husoma na Daktari huandika akiwa ameipa skrini mgongo, ili macho yake yasimdanganye akaona anachotaka. Leo hakuna Fundi. Daktari amenivutia kiti.

"Unasoma namba tu. Usiseme kubwa wala ndogo. Namba."

Akawasha upepo. Akageuka. Nikaona mgongo wake na kalamu.

"Ngapi?"

"Mia nne na kumi na mbili."

Kalamu ikaandika.

"Ngapi?"

"Mia nne na tano."

Akaandika. Tulikwenda hivyo. Kila baada ya dakika tatu anauliza, kila nikisoma mabega yake yanashuka kidogo, halafu anayarudisha. Chembe zilikuwa zinatoka zote. Mle ndani hakuna kilichozishika, hakuna kilichorudi, zilikuwa zinang'oka na kwenda kama alivyosema kila mtu isipokuwa yeye. Na aliyekuwa akimwambia ni mimi.

Ilipofika namba ya tisa nilitamani kumpunguzia. Skrini niliiona mimi peke yangu. Ningesema mia tatu na sabini, kidogo tu, angebaki na kitu cha kushikilia. Nilimtazama kisogo, nywele alizofunga kwa mpira wa ofisini, na nikajua ningeweza, na kwamba lingekuwa jambo jema kwa dakika tatu.

"Ngapi?" akauliza.

Nikasogea karibu na kioo nisikosee.

"Mia nne na kumi na tisa."

Akaandika, akapiga mstari chini yake, akafungua ukurasa mpya.

"Endelea," akasema.